Chupa ya Mezani na Bidoni ya Uani



Katika siku kuu moja ya parokia, sisi wa kamati ya walei tulipewa kazi ya kuandaa meza ya wageni. Tulitandika kitambaa cheupe, tukapanga viti, na mbele ya kila kiti tukasimamisha chupa ya maji yenye kizibo kisichofunguliwa. Chupa hizo zilikuwa zimefika Kasongo juu ya lori, baada ya siku nyingi za matope na jua, na bei yake ilimeza karibu nusu ya fedha yote ya vinywaji. Nyuma ya kanisa, chini ya mwembe, tuliweka mabidoni mawili ya manjano kwa ajili ya waimbaji na vijana wa Kiro na Xaveri, ambao wengi wao walikuwa wametembea tangu usiku kutoka vituo vya mbali. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mabidoni hayo yalijazwa wapi.

Siku ya tatu tulipata habari kwamba vijana kadhaa wa kwaya wanaharisha. Msichana mmoja alipelekwa katika kituo cha afya akiwa hawezi kusimama, akatundikiwa maji ya mshipa usiku kucha. Kwa neema ya Mungu alipona. Tulipofuatilia, tuligundua kwamba maji yale yalichotwa katika chemchemi isiyojengewa, mahali ambapo mbuzi hunywa na watu hufua. Hayakuchemshwa wala kutiwa dawa. Tulikuwa tumeshughulikia maji ya wageni kama jambo la heshima, na maji ya watoto wetu hatukuyashughulikia kabisa.

Tangu siku ile tumesikia hitimisho moja likirudiwa katika mikutano yetu: basi, tununue chupa kwa wote, maana maji ya chupa ndiyo safi, na maji ya bomba, ya kisima na ya chemchemi ni ya maskini. Tumeandika tafakari hii kwa sababu tunaona hitimisho hilo si la kweli, na tena linaweza kutuletea madhara mengine. Hatusemi kwamba chupa ni mbaya. Tunachosema ni kwamba usafi wa maji haukai katika chombo kinachouzwa. Hukaa katika njia yote ambayo maji yamepita, tangu yanapotoka hadi yanapofika kinywani.

Tuanze na kipimo chenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasionekane na kijidudu hata kimoja cha kinyesi, kile waitacho *E. coli*, katika kila mililita 100 zinazopimwa. Mililita 100 ni kama nusu ya bilauri. Kipimo hicho hakibadiliki kwa sababu maji yamewekwa katika chupa nzuri, wala hakilegezwi kwa sababu yametoka katika bomba la mtaa. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji wa chupa na msimamizi wa bomba ni lile lile: ni nani aliyeyapima maji haya, na lini?

Maji ya bomba, yakitengenezwa ipasavyo, hupitia hatua tunazoweza kuzieleza hata kwa watoto wa shule ya msingi. Kwanza hutiwa shabu, nayo huyakusanya matope madogo madogo yasiyoonekana, yakawa mazito na kuzama. Kisha maji hupitishwa katika mchanga, na mwishoni hutiwa klorini. Klorini ina faida ambayo vijana wengi huidharau: kiasi kidogo chake hubaki ndani ya maji na kuyalinda safarini. Ile harufu ya dawa inayowafanya wengine wakunje uso ndiyo dalili kwamba mlinzi bado yuko kazini. Hapa nchini kazi hiyo ilikabidhiwa REGIDESO, iliyoanzishwa mwaka 1939.

Lakini bomba lina udhaifu wake, nasi hatuna budi kuusema. Maji yakikatika kwa saa au siku, bomba hubaki tupu, na palipo na ufa uchafu wa udongo huingia ndani. Maji yakirudi, huja pamoja na uchafu ule. Zaidi ya hayo, nyumba nyingi za Kasongo na Kabambare hazina bomba ndani. Mtu huchota penye bomba la watu wote, kisimani au chemchemini, akabeba bidoni kichwani au juu ya baiskeli hadi nyumbani. Maji yanaweza kutoka safi penye chanzo, yakachafuka katika bidoni isiyosuguliwa, au katika ndoo isiyo na kifuniko ambamo kila mkono huchovya kikombe. Wala tusifikiri kwamba mambo haya hutokea kwa maskini tu. Mwaka 2014 mji wa Flint, huko Marekani, ulibadili chanzo cha maji yake na kuanza kutumia maji ya mto bila kuweka dawa ya kuzuia mabomba yasilike. Risasi ikatoka katika mabomba ya zamani ikaingia katika maji ya kunywa, na kwa muda mrefu wenyeji wa Flint walilazimika kutegemea chupa. Katika hali ya namna hiyo chupa ni msaada wa kweli, nasi hatutawacheka wanaoitumia.

Sasa tuitazame chupa yenyewe. Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Maji ya chupa husafishwa kwa vichujio, mara nyingi pia kwa mwanga maalumu au kwa gesi ya ozoni, na kwa kawaida hayabaki na klorini. Ndiyo sababu ladha yake ni laini. Lakini ndiyo sababu pia, chupa ikishafunguliwa na kuguswa na midomo, hakuna kitu ndani yake kinachoendelea kuyalinda maji. Na mara nyingine maji hayo ni ya bomba yaliyosafishwa tena. Mwaka 2004 kampuni ya Coca-Cola ilianza kuuza Uingereza maji yaitwayo Dasani. Ikajulikana kwamba yalitoka katika bomba la mji, huko Sidcup karibu na London. Na wiki chache baadaye chupa zipatazo nusu milioni zilirudishwa kwa sababu zilikuwa na bromati kupita kiasi kinachoruhusiwa na sheria, kemikali ambayo ilitokea wakati wa kuyatengeneza maji hayo. Miaka kumi na minne kabla yake, mwaka 1990, kampuni ya Perrier ya Ufaransa iliondoa sokoni chupa milioni nyingi duniani kote baada ya benzini kuonekana ndani yake. Hizo ni kampuni kubwa, zenye maabara zao, katika nchi zenye wakaguzi wengi.

Je, kwetu? Kwetu kuna jambo jingine ambalo kila mmoja wenu amewahi kuliona: chupa tupu huokotwa, hujazwa, hufungwa tena na kuuzwa. Kuna pia maji ya mifuko midogo ya plastiki yanayouzwa barabarani, ambayo mara nyingi hayana jina la mtengenezaji wala tarehe. Anayeyanunua huyapokea kwa imani tupu. Tunapowaambia watoto kwamba kila kilichofungwa ni safi, tunawafungulia mlango wale wanaouza uchafu uliofungwa vizuri.

Tena kuna plastiki yenyewe. Mwezi wa Januari 2024 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitangaza kwamba katika lita moja ya maji ya chupa walihesabu kwa wastani chembe zipatazo 240,000 za plastiki, nyingi zikiwa ndogo kiasi cha kutoonekana kwa darubini ya kawaida. Madhara yake mwilini bado yanachunguzwa, nasi hatutaki kuwatisha kwa jambo ambalo wataalamu wenyewe hawajalimaliza. Lakini madhara ya plastiki nje ya mwili tunayaona kila mvua inaponyesha: mifereji imeziba, maji yametuama, mbu wamezaana. Serikali yetu ilitoa amri tarehe 30 Desemba 2017 ya kukataza mifuko na vifungashio vya plastiki. Mnajua wenyewe jinsi amri hiyo inavyofuatwa sokoni.

Pengine mtatuuliza: mnataka basi turudi kunywa maji ya chemchemi kama mababu? La hasha. Hapo pia pana udanganyifu, nao ni wa hatari kuliko ule wa chupa. Tunasikia watu wakisema kwamba maji yanayong'aa ni mazuri, na kwamba maji yanayokimbia hayana ugonjwa. Katika mafunzo fulani tuliweka mezani bilauri tatu zisizo na alama: moja ya maji ya chupa, moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa katika mtungi, na moja ya maji ya chemchemi yasiyoguswa na dawa wala moto. Tuliwaambia vijana wasinywe, bali watazame na kunusa, kisha waseme ipi ni safi. Wengi walichagua ile ya chemchemi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa angavu na baridi. Jicho na pua havikuwasaidia kitu.

Mkoa wa jirani ulitoa somo hilo kwa uchungu mwingi. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma katika muda wa siku chache, wakanywa maji ya Ziwa Kivu. Kwa macho, maji yale yalikuwa mazuri. Kipindupindu na kuhara damu vikalipuka, na katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000. Tukumbuke pia upande wa pili wa habari hiyo: katika kuuzima ule ugonjwa, maji yaliyogawiwa kwa wingi yalichotwa katika ziwa lile lile, yakasafishwa na kutiwa klorini. Ziwa halikubadilika, kilichobadilika ni kazi ya mikono ya watu kati ya ziwa na kikombe.

Kazi hiyo ndiyo tunayowaalika kuitafakari, kwa maana haiwashindi. Maji ya matope yaachwe yatulie, kisha yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Baada ya hapo yachemshwe mpaka yatokote kwelikweli, siyo kufuka moshi tu, na yapoe yakiwa yamefunikwa. Anayetumia kidonge cha klorini afuate maandishi ya pakiti na kungoja dakika 30 kabla ya kunywa. Asiye na kuni wala kidonge anaweza kutumia jua: chupa ya plastiki iliyo angavu na safi, iliyojazwa maji yasiyo na tope, ikilazwa juu ya bati kwa saa 6 za jua kali, au siku 2 kukiwa na mawingu, mwanga wa jua huua vijidudu vingi sana. Hivyo hata chupa tupu tunayoitupa inaweza kuwa na kazi nzuri kuliko ile iliyofika nayo. Mwisho, maji yahifadhiwe katika chombo chenye mdomo mwembamba au chenye bomba dogo, ili mkono usiingie ndani.

Tuwaonye pia juu ya jambo ambalo moto hauliwezi. Katika Kabambare, hasa kuelekea Salamabila, wengi wanaishi kwa dhahabu. Pale ambapo wachimbaji wanatumia zebaki kukamata dhahabu, sehemu yake huingia katika vijito. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki. Maji yakipungua kwa moto, zebaki hukaa. Klorini nayo haisaidii. Mahali kama hapo dawa ni kuacha kabisa kijito hicho na kutafuta chanzo kingine, na kuwaeleza wachimbaji, ambao ni kaka zetu na baba zetu, kwamba wanaokunywa chini ya mto ni watoto wao wenyewe.

Kuna pingamizi moja tunaliheshimu. Kijana mmoja alituambia: “Baba, ninyi mnatufundisha kuchemsha maji ili serikali isiulizwe kwa nini hakuna bomba.” Alisema kweli kwa sehemu. Ibara ya 48 ya Katiba yetu ya mwaka 2006 inahakikisha haki ya kupata maji safi ya kunywa. Umoja wa Mataifa ulikiri haki hiyo kwa ajili ya watu wote tarehe 28 Julai 2010. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake *Laudato Si'* wa mwaka 2015, alifundisha kwamba maji salama ni haki ya msingi ya kila mtu, kwa kuwa uhai hutegemea maji, na akasikitika kuona maji yakigeuzwa kuwa bidhaa ya mwenye fedha. Kuchemsha maji hakufuti deni hilo. Lakini tazameni jinsi chupa inavyolifuta kimyakimya. Wenye uwezo wakishazoea kununua maji yao, hawana tena sababu ya kuuliza habari za bomba la mtaa. Diwani anakunywa chupa, mwalimu mkuu anakunywa chupa, nasi viongozi wa walei tunakunywa chupa. Ni nani basi atakayesimama kuisemea chemchemi? Hapo ndipo tunapoona hatari kubwa zaidi ya chupa. Inaweza isimdhuru anayeinywa, lakini inamtenga na wale wasioweza kuinunua.

Mji wetu una kumbukumbu ya njia nyingine. Katika miaka ya 1970, Kasongo ilijulikana hadi Ulaya kwa sababu waganga wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, pamoja na wauguzi wa hapa, walionyesha jinsi vituo vidogo vya afya, vilivyo karibu na watu na vyenye vifaa vya kawaida, vinavyoweza kulinda afya ya wilaya nzima. Maji nayo yanataka moyo kama huo. Chemchemi iliyojengewa saruji, yenye ua wa kuzuia mifugo na mfereji wa kuondoa maji yanayomwagika, inahitaji mchanga, mawe, mifuko michache ya saruji na siku za kazi. Tulipokaa na kuhesabu, tuliona aibu: fedha tuliyoitumia kwa chupa za siku kuu moja ingalitununulia saruji ya kuanzia.

Kwa hiyo tumeamua mambo matatu katika kamati yetu, nasi tunayaweka mbele yenu ili myapime. La kwanza, katika siku kuu ijayo hakutakuwa na maji ya aina mbili. Maji yote yatachemshwa au kutiwa klorini siku iliyotangulia, chini ya uangalizi wa watu wawili watakaotajwa kwa jina, na yatawekwa katika mitungi yenye mabomba madogo. Mtungi wa meza ya wageni utajazwa pamoja na mtungi wa kwaya. La pili, chupa tutazinunua pale tu zinapohitajika kweli: kwa mgonjwa, kwa safari, au wakati chanzo chetu kimeharibika, nasi tutatazama jina la mtengenezaji, tarehe na kizibo. La tatu, fedha itakayobaki itaingia katika kazi ya kujengea ile chemchemi, na tutakwenda na vijana katika ofisi ya zone ya afya kuomba maji yake yapimwe kabla na baada ya ujenzi, ili tusijidanganye kwa macho yetu.

Baadhi ya wazee wenzetu wanaona kwamba kumpa mgeni maji ya mtungi ni kumvunjia heshima. Tunawakumbusha kwa upole kwamba Bwana wetu, alipochoka kwa safari na kuketi kando ya kisima cha Sikari, aliomba maji kwa mwanamke aliyekuja na mtungi wake, wala hakuuliza kama kulikuwa na maji mengine kwa ajili ya wageni. Mgeni huheshimiwa kwa kupewa maji ambayo mwenyeji ameyatunza kwa mikono yake, na ambayo mtoto wa mwenyeji naye anakunywa bila kuugua.

Yule msichana wa kwaya amerudi kuimba. Jumapili moja baada ya misa alitujia akauliza kazi ya chemchemi itaanza lini, kwa kuwa yeye na wenzake wamekwisha kukusanya mawe. Hatukuwa na jibu siku ile. Leo tunalo: tutaanza mara mvua zitakapopungua, nasi wa kamati tutakuja na majembe yetu.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Maji mliyokunywa leo asubuhi yalitoka wapi, yalipita katika vyombo gani, na ni nani aliyeyatunza?

2. Katika mikutano na siku kuu za parokia yenu, ni nani hupewa maji yaliyotunzwa na ni nani hupewa yasiyotunzwa? Kwa nini?

3. Ni chanzo gani kimoja cha maji ambacho kikundi chenu kinaweza kukilinda katika mwaka huu, na ni kiongozi gani wa serikali mtakayemwendea kumkumbusha wajibu wake?